Saturn: gari lililopendwa na wenyewe, likafa vilevile

Juni 1994, zaidi ya watu 40,000 walifunga safari kwenda Spring Hill, mji mdogo ulio kusini mwa Nashville katika jimbo la Tennessee, kutembelea kiwanda cha magari. Hawakuwa wanahisa wala waandishi wa habari. Walikuwa wateja, watu wa kipato cha kawaida, wengi wakiendesha gari lililotoka katika kiwanda hicho hicho. Wakazungushwa kwenye mitambo, wakapeana mikono na mafundi walioyafunga magari yao, wakala nyama choma, wakapiga picha. Na gari lenyewe halikuwa Ferrari. Lilikuwa saluni ndogo ya injini ya lita 1.9, iliyopiga kelele kupita kiasi ukikanyaga mafuta kupanda mlima.

Gari hilo ni Saturn, la kampuni ya General Motors. Kufikia mwishoni mwa 2010 hapakuwa tena na wakala hata mmoja Marekani mwenye mkataba wa kuliuza.

Gari linalopendwa hivyo linakufaje? Maelezo yaliyozoeleka ni matatu: GM waliliua kwa uzembe, chama cha wafanyakazi kililibana, au lilikuwa gari bovu tangu mwanzo. Kila moja lina chembe ya ukweli. Ninavyoiona mimi, tatizo lilianzia kwingine. Kilichopendwa hasa hakikuwa gari. Kilikuwa namna mnunuzi alivyopokelewa, alivyouziwa na alivyohudumiwa gari linapoharibika. GM hawakulielewa hilo kwa wakati, na wateja wenyewe hawakulielewa mpaka walipohitaji gari kubwa zaidi.

Kampuni iliyozaliwa kwa hofu ya Wajapani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, GM ndiyo ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa magari, na bado haikujua kutengeneza gari dogo zuri kwa faida. Toyota, Honda na Nissan walikuwa wanachukua wateja vijana mmoja mmoja, na mteja akishaonja Corolla au Civic hakuwa na haraka ya kurudi Chevrolet, chapa ya GM. Mwaka 1982 ukaanza mradi wa ndani wa kutafuta jibu. Ukapewa jina la roketi za Saturn, zile zilizowapeleka Wamarekani mwezini wakati wa mashindano na Wasovieti. Ujumbe ulikuwa wazi: safari hii mshindani ni Mjapani.

Januari 1985, mwenyekiti wa GM, Roger Smith, alitangaza kwamba Saturn itakuwa kampuni kamili ndani ya GM, yenye kiwanda chake, mawakala wake na mkataba wake wa kazi. Uwekezaji uliotajwa ulikuwa dola bilioni 5. Magavana wa majimbo kadhaa walishindana hadharani kuvutia kiwanda hicho, mwisho Tennessee ikashinda.

Sehemu ya ajabu zaidi ilikuwa mkataba wa kazi. Mwaka 1984, watu 99 kutoka GM na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, waliwekwa pamoja kuchunguza viwanda vinavyofanya vizuri na kupendekeza namna mpya ya kufanya kazi. Aliyekuwa mstari wa mbele upande wa chama ni Donald Ephlin, na alilipia msimamo huo kisiasa, kwa sababu wenzake wengi waliona anakaa karibu mno na waajiri. Mkataba uliotokana na kazi hiyo ulikuwa wa kurasa chache, wakati mikataba ya kawaida ya GM ilijaza vitabu. Wafanyakazi walikubali mshahara wa msingi ulio chini ya ule wa viwanda vingine vya GM, kisha bonasi ingefuata ubora, mafunzo na tija. Kazi iligawanywa kwa timu ndogo zilizoamua mambo kwa kuafikiana. Kanuni yao ilikuwa kwamba kila mmoja aridhike na uamuzi angalau kwa asilimia 70, kisha autekeleze kwa asilimia 100.

Watu walihama Michigan na Ohio na familia zao kwenda Tennessee kwa ajili ya kanuni kama hiyo. Mwaka 1991, mwenyekiti mpya Robert Stempel alipotembelea kiwanda, wafanyakazi walimpokea wamefunga vitambaa mkononi kupinga shinikizo la kuongeza idadi ya magari. Hawakuwa wanadai pesa. Waliogopa kwamba magari yatatoka na kasoro.

Gari la kwanza lilitoka Julai 30, 1990, Roger Smith akiwa kwenye usukani, siku zake za mwisho kabisa kabla ya kustaafu. Tarehe hiyo ina uzito wake. Mtu pekee mwenye nguvu aliyeliona gari hili kama mtoto wake aliondoka mtoto akiwa hajatimiza hata wiki. Waliobaki walikuwa na Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick za kulisha, na wakuu wa idara hizo walikuwa wakihesabu ni magari mangapi mapya wangeunda kwa yale mabilioni.

Bei isiyopungua

Ili kuelewa mapenzi ya wateja, elewa kwanza jinsi gari jipya lilivyouzwa Marekani wakati huo. Bei imebandikwa kwenye kioo lakini hakuna anayeiamini. Muuzaji anataja yake, wewe unataja yako, anaondoka "kumuuliza bosi," anarudi na namba nyingine, mnaendelea hivyo mchana kutwa. Mtu aliyezoea kuuliza "bei ya mwisho ngapi?" Kariakoo anaweza kudhani huo ni mchezo tu. Wamarekani wengi waliuchukia, na wanawake wengi walijua kwamba wao ndio wanaopigwa zaidi.

Kwa Saturn hapakuwa na bei ya mwisho, kwa maana bei ya kwanza ndiyo hiyo hiyo. Wauzaji wengi walilipwa mshahara badala ya kamisheni, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kukung'ang'ania. Ukinunua, wafanyakazi waliokuwapo waliacha shughuli zao, wakakusanyika kuzunguka gari lako, wakapiga makofi na kushangilia, ukapigwa picha ukiwa na funguo mkononi. Wapo walioona aibu. Wengi waliipeleka picha ile nyumbani wakaiweka sebuleni.

Watu hudhani GM waliamuru bei iwe moja. Hawakuweza. Sheria ya ushindani ya Marekani wakati huo haikumruhusu mtengenezaji kumlazimisha wakala bei ya kuuzia. Walichofanya ni kumpa kila wakala eneo kubwa zima. Wakala wa Chevrolet ana mwenzake wa Chevrolet umbali wa kilomita chache, na mteja akigoma anakwenda kwa huyo. Wakala wa Saturn hakuwa na jirani wa kumvunjia bei, basi hakuwa na sababu ya kupunguza. Upole ule wa dukani ulisimama juu ya ramani. Wapinzani walioiga tabasamu bila kugawa upya maeneo walishangaa kuona wateja wao bado wanabishana bei.

Halafu kulikuwa na namna walivyokabili makosa. Mwaka 1991 iligundulika kwamba magari zaidi ya 1,800 yalijazwa maji ya rejeta mabovu kutoka kwa msambazaji, maji yanayoweza kula mfumo wa kupoozea injini. Kampuni nyingine ingesafisha rejeta na kubadilisha mipira. Saturn waliwabadilishia wateja gari zima. Mwaka 1993 ukaja mwito mkubwa zaidi wa kurudisha magari yarekebishwe: zaidi ya magari 350,000 yalikuwa na waya unaoweza kuleta shoti na moto. Kwa kampuni changa hilo lingetosha kuua jina. Mawakala waliligeuza kuwa karamu: njoo Jumamosi, tukurekebishie waya, tukuoshee gari, ule ukisubiri. Katika tafiti za kuridhika kwa wateja za miaka hiyo, Saturn ilisimama karibu na Lexus na Infiniti, magari yenye bei mara mbili au tatu ya kwake.

Chini ya boneti

Gari lenyewe lilikuwa na ujanja mmoja wa kuonekana. Milango, mabega na bampa vilikuwa vya plastiki ngumu iliyofungwa juu ya fremu ya chuma. Muuzaji alikuwa tayari kuupiga mlango ngumi au teke mbele yako, ukabonyea na kurudi. Toroli la dukani likikugonga kwenye maegesho, hakuna kubonyea wala kwenda kunyoosha bodi. Ila paa, boneti na mfuniko wa buti vilikuwa chuma kama vya magari mengine, kwa hiyo mvua ya mawe iliwakumbusha wenye magari ambao hawakusoma vizuri.

Plastiki hupanuka kwenye joto kuliko chuma. Wahandisi walilazimika kuacha nafasi pana kati ya kipande na kipande, na macho yaliyozoea Honda yaliziona nafasi hizo mara moja. Pia, kwenye majimbo ya baridi ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, plastiki ilibaki inang'aa huku chuma cha chini yake kikiweza kuliwa na kutu kimyakimya. Mnunuzi wa Saturn iliyotumika alishauriwa ainame aangalie uvungu, asidanganywe na milango.

Lakini ukimkuta mtu aliyemiliki Saturn ya miaka ya 1990, hatakuanzia na plastiki. Ataanza na oili.

Gari lilikula oili. Halikuvuja: sakafu ya gereji kavu, hakuna tone, ila ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta ncha imetoka karibu kavu. Chanzo kiko kwenye pistoni. Ringi ya chini ya pistoni kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo yaliyo nyuma yake. Kwenye injini hizi njia hiyo ya kurudi haikutosha. Oili ilibaki pale, ikaungua kwa joto, ikawa masizi magumu, ringi ikaganda ndani ya mfereji wake na kuacha kukwangua. Kuanzia hapo oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Gari likiwa na kilomita nyingi, kuongeza lita moja kila baada ya kilomita 1,500 hivi halikuwa jambo la kumshangaza fundi.

Wenye magari walijifunza kuishi nalo. Chupa ya oili haikukosekana kwenye buti. Wengine walichomoa plagi, wakamimina dawa ya kuyeyusha masizi ndani ya silinda, wakaiacha ilale humo usiku kucha ili ringi ziachie. Kwa baadhi ilisaidia kwa muda. Kufanya oveholi ya kweli na kubadilisha pistoni mara nyingi kulizidi thamani ya gari. Walioumia zaidi ni waliosubiri taa ya oili iwake, bila kujua kwamba taa ile huonyesha presha imeshuka, na presha ikishashuka injini imeshaanza kujila.

Kulikuwa na kingine kidogo cha kuudhi: sensa ya joto la maji, ambayo matoleo ya mwanzo yalikuwa na ncha ya plastiki. Ncha ikipasuka, kompyuta inadhani injini ni ya baridi, inamwaga petroli nyingi, feni haiwaki inapotakiwa. Mtu anabadilisha plagi, pampu, kila kitu, kumbe tatizo ni kipande cha bei ya chakula cha mchana. Na kwenye injini ya kamshafti moja, silinda hedi ya baadhi ya magari ilipata ufa na kuchanganya maji na oili.

Hata hivyo watu waliyapenda, na si kwa upofu. Injini ilitumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo gharama moja kubwa iliondoka. Kwa gia za mkono, gari lilikwenda kilomita 16 au 17 kwa lita moja kwenye barabara kuu. Nafasi ya kufanyia kazi chini ya boneti ilikuwa ya kutosha, na mtu mwenye spana za kawaida na subira aliweza kujitengenezea mengi. Saturn nyingi zilirithiwa na watoto, zikawapeleka chuo, zikiendelea kula oili yao.

Njaa

Mwaka 1994 ziliuzwa zaidi ya Saturn 286,000. Huo ukawa mwaka wake bora kuliko yote, na bado haukufika kwenye ndoto ya mwanzo ya magari nusu milioni kwa mwaka.

Ile familia ya kijana aliyenunua saluni mwaka 1991 sasa ilikuwa na watoto wawili na ilitaka gari kubwa. Ilikwenda kwa wakala wake mpendwa, ikapokewa kwa furaha, ikaambiwa hakuna. Kwa karibu miaka 9 Saturn ilikuwa na gari moja tu la msingi katika maumbo matatu: saluni, kupe (coupe, la umbo la kimichezo) na stesheni wagoni. Hii ndiyo sehemu ambayo GM hawana pa kujificha. Fedha za kuunda Saturn kubwa zilikuwa zikisubiri zamu nyuma ya idara nyingine, ambazo hazikusahau mabilioni yaliyokwenda Tennessee. Katikati ya miaka hiyo Saturn ilijaribu hata kuuzwa Japani kuanzia 1997, kwa usukani wa kulia, ikauza kidogo sana na kujitoa baada ya miaka michache. Kwenda kumtafuta Mjapani kwake wakati wateja wako nyumbani wanaomba gari la familia, kwangu huo ni uamuzi wa ajabu.

Gari kubwa lilipokuja hatimaye, modeli ya 2000 ya L-Series, lilijengwa Delaware juu ya msingi wa Vectra ya Opel, kampuni ya GM ya Ulaya wakati huo. Halikuwa baya. Ila halikuwa na sababu ya kuitwa Saturn zaidi ya bodi yake ya plastiki na duka lililoliuza, na wanunuzi waliliona hivyo. Vue, gari la juu kiasi, lilifanya vizuri zaidi kwa sababu soko lote lilikuwa limehamia huko. Ion, iliyochukua nafasi ya lile gari dogo la kwanza, iliwekwa dashibodi yenye mita katikati badala ya mbele ya dereva, na ndani yake ilionekana ya bei rahisi kuliko mtangulizi wake.

Mwaka 2004 wafanyakazi wa Spring Hill walipiga kura kuachana na ule mkataba wa kipekee na kurudi kwenye mkataba wa kawaida wa UAW. Mkataba uliofungamanisha kipato na mafanikio ya Saturn ulikuwa na maana Saturn ilipokuwa na mustakabali wake mwenyewe. Mwaka 2007 Ion ya mwisho ilitoka, na kiwanda kikafungwa kwa muda kijipange kuunda Chevrolet.

Kichekesho cha uchungu ni kwamba ndipo magari mazuri yalipowasili. Robert Lutz, aliyekuja GM mwaka 2001 kusimamia uundaji wa magari, aliigeuza Saturn kuwa mlango wa Opel Marekani. Aura ilichaguliwa Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini kwa 2007. Sky ilikuwa gari la michezo la viti viwili la kupendeza macho. Astra ilisafirishwa kutoka Antwerp, Ubelgiji. Lakini waliowahi kushangiliwa dukani mwaka 1992 walikuwa wameshahamia Toyota, na kwa mgeni jina la Saturn lilimaanisha gari dogo la plastiki la shangazi.

Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, GM ililazimika kuchagua. Iliingia mufilisi Juni 1, 2009, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba kampuni ya Roger Penske, mfanyabiashara mwenye maduka mengi ya magari, itainunua Saturn: jina na mtandao wa mawakala, bila kiwanda. GM wangemuundia magari kwa muda, kisha angepata mtengenezaji mwingine. Penske alikuwa amekiona chenye thamani, yaani yale maduka. Septemba 30, bodi ya Renault, yule mtengenezaji mwingine aliyetarajiwa, ilikataa kumuuzia magari, na mpango ukavunjika siku hiyo hiyo.

Funguo nzito

Hadithi haikuishia kwenye kufungwa. Mwaka 2014 GM iliita magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya funguo, na Ion za 2003 hadi 2007 zilikuwa ndani, pamoja na Sky. Springi ya swichi ilikuwa dhaifu. Rundo zito la funguo au shimo la barabarani liliweza kuizungusha gari likiwa kwenye mwendo. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki unapogonga. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124 kwa modeli zote zilizohusika, na mwaka 2015 GM ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai. Baadhi ya wahandisi walikuwa na taarifa za kasoro hiyo kwa miaka. Ni kampuni mama ile ile ambayo mtoto wake aliwahi kubadilisha magari zaidi ya 1,800 kwa ajili ya maji ya rejeta.

Kwa anayemiliki Saturn leo, huduma ya injini na mwito wa usalama hupatikana kwa mawakala wengine wa GM. Spea zinategemea umri wa gari, na hapa mambo yanakwenda kinyume na unavyotarajia. Magari ya mwisho, yasiyo na wapenzi wengi, ndiyo rahisi: Aura inashirikiana vipuri na Chevrolet Malibu; Outlook, gari kubwa la familia, na GMC Acadia; Sky na Pontiac Solstice; na Vue ya silinda sita ya 2004 hadi 2007 ina injini ya Honda, kwa hiyo fundi wa Honda anaijua. Lile gari dogo la Spring Hill ndilo la taabu. Liliundwa na kampuni iliyokusudia kutochangia kitu na ndugu zake, na karibu hakuna gari jingine la GM linalofanana nalo injini, gia au bodi. Vitu vinavyochakaa, kama breki na filta, bado vinatengenezwa na watu wengine. Mlango au bega la plastiki unalitafuta kwenye yadi ya magari yaliyokufa, na ukilipata la rangi yako, lifungue taratibu, kwa sababu vibanio vyake vimeshakauka na havipatikani dukani.